Kuchovya Fedha Kwenye Koili za Shaba za Redio: Mwongozo Kamili

Malalamiko ya wanaojaribu kuchovya fedha kwenye koili (waya uliokunjwa kwa duru) na vipande vya shaba ni yale yale. Fedha inang'aa siku ya kwanza, kisha inabanduka kwa ukucha; au koili inatoka nyeusi na kuacha unga vidoleni; au inatoka nyeupe ya kupendeza, lakini ikirudishwa kwenye mtambo hakuna kinachobadilika. Makosa ya kwanza mawili hutokana na usafishaji duni na umeme usiodhibitiwa. La tatu hutokana na tabaka jembamba mno, na hilo humpata zaidi anayetumbukiza shaba kwenye dawa bila umeme wowote.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja: koili ya kichujio cha mtambo wa kurushia matangazo ya FM, iliyokunjwa kwa waya wa shaba nyekundu wa milimita 2 wenye urefu wa sentimita 40. Eneo lake la juu ni sentimita za mraba 25, yaani robo ya desimita ya mraba. Kipande chako kikiwa kikubwa au kidogo zaidi, badilisha hesabu kwa uwiano.

## Je, unahitaji fedha kweli?

Umeme wa masafa ya juu haupiti katikati ya waya bali kwenye ngozi yake. Kwenye fedha, ngozi hiyo ina unene wa mikromita 6.4 hivi kwa masafa ya megahezi 100, na mikromita 12 hivi kwa megahezi 30. Ndani ya unene mmoja wa ngozi hupita takribani asilimia 63 ya umeme wote, na ndani ya unene mara tatu hupita asilimia 95. Kwa koili ya FM, basi, lengo ni mikromita 19 au 20. Shaba iliyotumbukizwa tu kwenye dawa bila umeme hupata tabaka lisilofika hata mikromita moja, kwa hiyo umeme wa redio unaendelea kupita kwenye shaba kana kwamba hakuna kilichofanyika.

Usitarajie muujiza. Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa asilimia 6 hivi, na kwenye masafa ya redio faida hiyo hushuka hadi asilimia 3, kwa sababu ngozi yenyewe huwa nyembamba zaidi. Shaba safi iliyong'arishwa leo inakaribia kuwa sawa na fedha. Tofauti huonekana baada ya miaka, hasa Mombasa, Tanga au Unguja, ambako hewa ya chumvi na unyevu huivisha shaba kutu ya kijani. Kwa maoni yangu, koili ya masafa yaliyo chini ya megahezi 30 haistahili gharama hii. Ing'arishe, ifunike isipate unyevu, uendelee na kazi nyingine.

## Vitu vya kuandaa

Kwa nusu lita ya maji ya fedha na chombo kidogo cha tabaka la awali, tafuta vifuatavyo:

- Nitreti ya fedha, gramu 10. Ndani yake mna gramu 6.35 za fedha.
- Sodiamu thayosalfeti ya chenga, gramu 250. Wapiga picha wa zamani huiita “hypo”.
- Sodiamu salfaiti, gramu 15. Ukiikosa, yeyusha pamoja gramu 11.3 za sodiamu metabaisalfaiti na gramu 6.3 za sodiamu kaboneti kavu kwenye maji kidogo. Povu likiisha, umeipata.
- Chumvi safi, gramu 4, ikiwezekana isiyotiwa madini joto wala dawa ya kuzuia kugandamana.
- Sodiamu kaboneti, yaani magadi ya kufulia, gramu 50 kwa kila lita ya maji ya kuondolea mafuta.
- Asidi ya sitriki, gramu 100 kwa lita.
- Asetoni, mswaki mpya, na msasa namba 400, 800 na 1200.
- Fedha safi ya 999, bamba au waya mnene, kwa ajili ya anodi, yaani kipande kinachounganishwa upande chanya wa umeme ndani ya maji. Sonara wengi huuza fedha ya 925, ambayo ina shaba ndani yake. Shaba hiyo itaingia kwenye maji na kuyaharibu polepole. Uliza waziwazi.
- Maji yaliyotoneshwa, lita 5. Vituo vya mafuta huyauza kwa ajili ya betri, lakini hakikisha si asidi, maana vyote viwili huitwa maji ya betri. Maji ya bomba yana klorini na yataleta ukungu mweupe.
- Pawasaplai ya DC (umeme wa mkondo mmoja) inayoweza kuwekewa kikomo cha ampia, maltimita, na mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01.
- Vyombo vya kioo au plastiki, glavu za nitraili na miwani ya kujikinga.

Ukiwa huna pawasaplai ya namna hiyo, chaja ya simu ya volti 5 yenye kipingamizi cha omu 39 cha wati 2 itakupa miliampia 115 hivi, na hizo zinatosha kabisa kwa uchovyaji wenyewe (Hatua ya 6) wa koili ya mfano wetu. Betri ya volti 9 iliyounganishwa moja kwa moja, ambayo wengi huikimbilia, ndiyo mama wa koili nyeusi.

## Tahadhari kabla ya kugusa chochote

Viwanda vingi huchovya fedha kwa sianidi, na matokeo yake ni mazuri sana. Sianidi inapatikana kwa urahisi mahali kama Geita kwa sababu ya uchenjuaji wa dhahabu, na bila shaka mtu atakushauri uitumie. Kataa. Ikigusana na asidi hutoa gesi inayoua kwa dakika chache, na kazi hii ina asidi hatua chache tu kutoka kwenye maji ya fedha.

Kataa pia mapishi yanayochanganya nitreti ya fedha na amonia. Mchanganyiko huo ukiwekwa kwa muda huzaa mabaki yanayolipuka kwa kuguswa tu.

Nitreti ya fedha yenyewe huunguza macho na kuiacha ngozi na madoa meusi yanayodumu siku nyingi. Maji tutakayotengeneza hayana sumu kali, lakini yakiingiwa na asidi hutoa hewa ya salfa inayobana kifua. Fanyia kazi mahali penye upepo, mbali na jiko na watoto.

## Hatua ya 1: Maliza kazi zote za fundi kwanza

Kunja koili, toboa matundu na kata ncha kabla ya kuchovya. Tabaka la fedha likikunjwa baadaye linaweza kupasuka, na tundu likitobolewa baadaye litaacha shaba wazi. Usilehemu bado, kwa sababu fedha haishiki vizuri juu ya risasi ya kulehemu, nayo risasi itachafua maji.

Kisha piga msasa, kuanzia namba 400 hadi 1200, ukifuata urefu wa waya na si kuuzunguka. Mkwaruzo wa kukatiza una maana hapa: ukiwa na kina kinacholingana na unene wa ngozi, umeme hulazimika kushuka na kupanda kila bonde, na njia yake hurefuka. Fedha haitafukia mikwaruzo hiyo. Italala juu yake ikiwa na sura ile ile.

Pamoja na koili, andaa kipande cha waya huohuo chenye urefu wa sentimita 5. Kitapita hatua zote sambamba na koili, kisha utakitesa mwishoni badala ya kuitesa koili yenyewe.

Kama kipande chako ni cha brasi, simama hapa. Zinki iliyomo hudhoofisha mshiko, kwa hiyo kichovye shaba kwanza. Usitumie nikeli kama tabaka la chini kwa kazi ya redio, hata kama kiwandani ndiyo desturi kwa vijiko na mapambo. Nikeli ni ya sumaku na haipitishi umeme vizuri, na fedha iliyo juu yake ikiwa nyembamba, umeme wa redio utazama ndani ya nikeli na koili itapasha moto kuliko ilivyokuwa ikiwa shaba tupu.

## Hatua ya 2: Ondoa mafuta

Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Sugua koili kwa asetoni na mswaki, hasa kama ulitumia dawa ya kung'arishia, kwa maana dawa hizo zina nta. Kuanzia hapo usiiguse kwa mkono mtupu. Ifunge waya safi wa shaba wa kuning'inizia, na uishike kwa waya huo hadi mwisho.

Yeyusha magadi kwenye maji ya moto. Unganisha koili upande hasi wa pawasaplai, na upande chanya weka bamba la chuma cha kawaida. Usitumie chuma cha pua, kwa sababu kinaweza kuachia kromu yenye sumu. Kwa koili ya mfano, ampia 1 kwa dakika moja inatosha. Mapovu ya haidrojeni yatachemka juu ya shaba na kuinua mafuta yaliyojificha kwenye vinyweleo vyake. Suuza kwa maji mengi.

Sasa fanya jaribio la maji, ambalo halina mbadala. Chovya koili kwenye maji safi, itoe, uiangalie kwa nusu dakika. Maji yakitanda kama ngozi moja isiyokatika, shaba ni safi. Yakijikusanya matone, au yakikimbia sehemu fulani na kuacha doa kavu, pale pana mafuta na fedha itabanduka hapohapo. Rudia tangu mwanzo wa hatua hii. Hakuna dawa, umeme wala subira itakayofidia jaribio lililoshindwa.

## Hatua ya 3: Ondoa kutu kwa asidi

Tumbukiza koili kwenye asidi ya sitriki yenye uvuguvugu kwa dakika 2 hadi 5. Utaona rangi ya kahawia ikiondoka na kubaki waridi hafifu, sare, isiyong'aa sana. Hiyo ndiyo shaba yenyewe.

Usitumie siki na chumvi. Husafisha haraka, lakini huacha kloraidi kwenye vinyweleo vya shaba.

Suuza mara tatu, mara ya mwisho kwa maji yaliyotoneshwa, na kihifadhi kipande ndani ya maji hayo hadi utakapokihitaji. Kisikae zaidi ya dakika chache, maana hewa huanza kazi yake upya.

## Hatua ya 4: Tengeneza maji ya fedha

Kwa kweli hatua hii ifanye siku moja kabla, ili koili iliyosafishwa isikusubiri. Zima taa kali na funga pazia. Kloraidi ya fedha hugeuka zambarau kwenye mwanga.

Yeyusha nitreti ya fedha kwenye mililita 100 za maji yaliyotoneshwa. Yeyusha chumvi kwenye mililita 50 nyingine, kisha imimine polepole huku ukikoroga. Mashapo meupe mazito kama maziwa yaliyoganda yatazama chini. Yaache yatulie, mwaga maji ya juu kwenye chombo cha mabaki, ongeza maji safi, koroga, yaache yatulie tena. Rudia mara tatu.

Katika chombo kingine yeyusha gramu 150 za thayosalfeti na gramu 15 za salfaiti kwenye mililita 350 za maji. Chombo kitapoa mkononi, na hilo ni jambo la kawaida. Ongeza mashapo meupe kidogo kidogo. Yatayeyuka yote na maji yatabaki maangavu. Jaza maji hadi nusu lita.

Kwa nini usimimine nitreti moja kwa moja kwenye thayosalfeti na kuokoa muda? Kwa sababu pale fedha inapokuwa nyingi kuliko thayosalfeti, hata kwa sekunde chache, huundwa mashapo yanayopita njano, kahawia na hatimaye nyeusi. Hiyo ni salfaidi ya fedha, na hairudi tena. Maji yakigeuka meupe kama tui bila kuyeyuka, sababu ni nyingine: asidi imeingia na salfa inajitenga. Maji ya namna zote mbili hayafai kwa koili.

## Hatua ya 5: Tabaka la awali

Fedha ina hamu ya kukaa juu ya shaba hata bila umeme. Shaba huyeyuka na fedha huchukua nafasi yake. Tabaka linalozaliwa hivyo ni legevu, na kila kitakachojengwa juu yake kitabanduka pamoja nalo. Dawa ni mbili: maji yenye fedha kidogo sana, na umeme uliokwisha kuwashwa kabla shaba haijagusa maji.

Chukua mililita 30 za maji yako ya fedha, uyachanganye na mililita 270 za maji yenye gramu 81 za thayosalfeti. Ning'iniza anodi ya fedha na uiunganishe upande chanya. Unganisha koili na kipande cha jaribio upande hasi vikiwa bado hewani, weka pawasaplai kwenye miliampia 250, washa, ndipo uvishushe ndani. Wenye chaja ya simu waunganishe vipingamizi viwili vya omu 39 sambamba.

Sekunde 15 hadi 20 zinatosha. Waridi ya shaba itafunikwa na weupe hafifu kila mahali kwa pamoja. Ukiona sehemu imebaki nyekundu, toa, rudi Hatua ya 2.

## Hatua ya 6: Uchovyaji wenyewe

Bila kusuuza wala kuruhusu kipande kikauke, kihamishie kwenye maji makuu ya fedha, tena umeme ukiwa umewashwa. Kiwango cha umeme ni nusu ampia kwa kila desimita ya mraba, yaani miliampia 125 kwa koili yetu. Kwa kiwango hicho fedha hujengeka kwa mikromita 19 kwa saa, kwa hiyo saa moja inakufikisha kwenye lengo. Joto la kawaida la chumba linafaa. Koroga taratibu muda wote, au tikisa kipande kila baada ya sekunde chache.

Eneo la anodi liwe sawa na la kipande au kubwa zaidi, nayo iwekwe pande zote mbili. Hata hivyo, kwa koili hilo halitoshi. Fedha hukimbilia mahali palipo karibu na anodi, yaani upande wa nje wa duru, na ndani ya koili hubaki kama kivulini. Lakini umeme wa redio ndani ya koili hufanya kinyume: hujikusanya upande wa ndani, unaotazama katikati. Kwa maneno mengine, mahali penye kazi kubwa ndipo penye fedha kidogo. Ndiyo maana koili iliyopimwa kwa macho huonekana kamilifu na bado ikashindwa kwenye kipimo.

Suluhisho ni kupitisha waya wa fedha katikati ya koili, ukiwa umevishwa mrija wa plastiki uliotobolewa matundu mengi ili usiguse duru, na kuuunganisha na anodi za nje. Pia ivute koili kidogo ili duru ziachane; utairudisha kwenye nafasi yake baadaye kwa vidole vyenye glavu, kwa kiasi kidogo tu.

Rangi inayotakiwa ni nyeupe isiyong'aa, kama chokaa iliyokauka. Wengi huiona wakadhani wameharibu. Fedha isiyotiwa dawa za kung'arisha hutoka hivyo. Kinachotakiwa kukushtua ni kingo zinazogeuka kijivu kisha nyeusi: umeme umezidi. Punguza mara moja hadi nusu. Unga mweusi ukishatokea, kipande hicho kitasuguliwa na kuanza upya.

## Hatua ya 7: Suuza, pima, jaribu

Suuza kwa maji mengi ya vuguvugu, kwa sababu thayosalfeti iliyobaki kwenye pembe ndiyo itakayoifanya fedha iwe nyeusi baada ya wiki. Kausha kwa hewa, si kwa kitambaa cha jikoni.

Kama ulipima uzito kabla ya Hatua ya 5, pima tena. Kila mikromita moja juu ya desimita moja ya mraba ina uzito wa gramu 0.105. Koili yetu inapaswa kuwa imeongezeka karibu nusu gramu. Ikiwa imeongezeka gramu 0.2, ujue kwamba umepata mikromita 8 tu, hata saa ikisema nini.

Sasa kitese kile kipande cha jaribio. Bandika selotepu, ikandamize kwa ukucha, ivute ghafla. Kikunje na kukikunjua hadi kikatike, kisha angalia mkato kwa lenzi: fedha ipasuke pamoja na shaba, isijitenge kama ganda la kitunguu. Nusu yake moja ipashe moto hadi nyuzi joto 150 au 200 na uitumbukize kwenye maji baridi. Malengelenge yakitokea, mshiko ni mbovu na koili isifungwe kwenye mtambo.

Ikifaulu, isugue koili polepole kwa unga laini wa magadi uliolowanishwa. Itapata mng'ao wa kadiri. Usitumie dawa kali ya kung'arishia vyombo, kwani inaondoa fedha uliyoilipia.

## Hatua ya 8: Kulehemu na kuhifadhi

Lehemu haraka, kwa joto la wastani, kwa sababu fedha huyeyukia ndani ya risasi na kuondoka mahali pake. Risasi yenye asilimia 2 ya fedha hupunguza hilo.

Adui wa fedha ni salfa. Usifunge koili kwa mpira wa kubania noti, usiishike kwa glavu za mpira wa asili, usiiweke kwenye boksi la karatasi ngumu, maana vyote hivyo vinaweza kutoa salfa. Mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri unatosha.

Maji ya fedha yawekwe kwenye chupa ya rangi ya kahawia, mahali pa giza, yakiwa na jina lake kwa herufi kubwa. Anodi hurudisha fedha iliyotumika, kwa hiyo nusu lita hii itachovya vipande vingi. Siku yatakapochoka na kuanza kutoa mashapo meusi, usiyamwage kisimani wala mtaroni. Tumbukiza stiliwaya safi ndani yake na uiache kwa siku mbili au tatu. Fedha itakaa juu ya chuma ikiwa tope la kijivu. Lichuje, likaushe, umpelekee sonara pamoja na mashapo ya kusuuzia uliyoyatunza.